Kuhamisha Kazi za Mradi Kutoka Excel Hadi Kwenye Programu Bila Kuzivuruga

Mradi ulikuwa wa madarasa mawili na tangi la kuvunia maji ya mvua katika shule ya msingi ya kijijini. Ulikuwa wa force akaunti, maana yake shule inasimamia ujenzi yenyewe badala ya kumpa mkandarasi, na kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi zote ni za watu wa pale pale. Kazi zilikuwa zimeandikwa sehemu tatu: faili la Excel lililotoka kwa mhandisi, daftari la mwalimu mkuu, na kundi la WhatsApp ambamo kila asubuhi palizuka jambo jipya. Tulipopata programu ya kusimamia miradi, nilidhani kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kuingiza faili. Nikakibonyeza. Ikaingia mistari 143. Mingine haikuwa na mwenyewe, mingine ilikuwa na tarehe za mwaka uliopita, na neno "Saruji" lilitokea mara 6 bila kusema saruji ifanywe nini.

Nilifuta yote nikarudi kwenye faili. Tangu hapo nimefanya uhamisho wa namna hii mara nyingi, na ninajua sasa kwamba kuingiza faili ni kazi ya dakika 10 tu. Siku yako nzima itumie kwenye orodha ikiwa bado ipo Excel. Kosa lililo kwenye Excel unalirekebisha kwa kubofya mara moja, lakini likishaingia kwenye programu linakuwa kazi yenye jina la mtu, na mtu huyo ameshapata taarifa kwenye simu yake.

Kusanya kwanza, usirekebishe kitu

Fungua faili jipya la Excel au Google Sheets. Faili la mhandisi liache lilivyo, nakili tu yaliyomo. Kila kazi ikae kwenye mstari wake, na kando yake andika imetoka wapi: "mhandisi", "daftari", "WhatsApp". Hii safu ya chanzo huitaingiza kwenye programu, lakini itakuokoa siku mtu atakapouliza, "Hii nani aliisema?"

WhatsApp ndiyo inayosumbua, kwa sababu kazi zimefukiwa katikati ya salamu na picha. Usisome kundi zima. Tumia sehemu ya kutafuta ndani ya kundi na uandike neno "bado". Kwetu Waswahili neno hili ndilo linalobeba kazi zisizokwisha: "kokoto bado", "fundi bado hajalipwa", "vipimo vya udongo bado". Ukimaliza hilo, tafuta "nani", "lini" na "fuatilia". Kwa maneno hayo manne nilipata kazi 31 ambazo hazikuwa kwenye faili wala kwenye daftari, na mbili kati yake zilikuwa za kukwamisha ujenzi kabisa.

Kila mstari uanze na kitenzi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. "Saruji" si kazi. "Bati" si kazi. Hata "Kufuatilia bati" bado haijawa kazi, kwa sababu kufuatilia hakuna mwisho. Jaribu kila mstari kwa swali moja: mtu akiulizwa Ijumaa, anaweza kujibu "imeisha" au "bado" bila kuongeza maelezo? Kama hawezi, uandike upya.

Chukua ile saruji yetu. Mistari yote 6 iliyosema "Saruji" ilipofunguliwa ilitoa kazi hizi:

Pata bei za saruji kutoka kwa wazabuni watatu
Idhinisha ununuzi wa saruji ya msingi
Nunua saruji ya msingi
Pokea saruji, hesabu mifuko na saini hati ya mapokezi
Lipa mzabuni wa saruji

Mbili za mwanzo na ile ya ununuzi ni za kamati ya manunuzi, ya nne ni ya kamati ya mapokezi, ya mwisho ni ya mwalimu mkuu na mhasibu. Zilipokuwa neno moja, kila kamati ilidhani nyingine inashughulikia, na hilo ndilo lililokuwa likituchelewesha muda wote ule. Mtu mmoja kwenye kikao aliitazama orodha mpya akasema, "Kumbe hii ya mapokezi ni yetu." Walikuwa na wiki mbili hawajui.

Ukubwa wa kazi nao uangalie. Wasimamizi wa miradi wengi hufuata kanuni ya saa 8 hadi 80: kazi isiwe chini ya siku moja wala isizidi wiki mbili za kazi. Kwa mradi mdogo wa kijijini mimi naona wiki moja inatosha kuwa kikomo. "Jenga darasa la kwanza" ni kubwa mno, itakaa miezi ikionyesha "inaendelea" na hutajua imekwama wapi. "Chukua misumari dukani" ni ndogo mno, iweke kama kipengele ndani ya kazi ya kenchi.

Kuna mistari mingine ambayo si kazi hata ukiigeuza vipi. "Mvua za masika zinaanza Machi" ni taarifa. Iondoe kwenye orodha, iweke kwenye maelezo ya mradi, kisha jiulize inazaa kazi gani. Kwetu ilizaa mbili: "Maliza kuezeka darasa la kwanza" yenye tarehe ya mwisho wa Februari, na "Funga gata na bomba la kwenda kwenye tangi", maana hakuna faida ya tangi jipya mvua ikipita nje yake.

Marudio yatafute kwa macho. Excel ina kitufe cha kuondoa mistari inayofanana, ila kinashika ile iliyofanana herufi kwa herufi. "Nunua nondo" na "Nunua nondo za msingi" vitapita vyote viwili. Panga orodha kwa alfabeti, vitenzi vyote vya "Nunua" vitakaa pamoja, halafu soma taratibu.

Safu ulizo nazo zitoshe, zisizidi

Mstari wa juu kabisa wa faili uwe na majina ya safu, na uwe mmoja tu. Usiweke kichwa cha mradi juu yake, usiunganishe seli, usiache mistari mitupu katikati. Rangi nazo hazihami. Kama ulikuwa umepaka nyekundu kazi za haraka, andika neno "Haraka" kwenye safu ya maelezo.

Mimi hutumia safu nane: Kazi, Sehemu, Mfuatiliaji, Fundi au mzabuni, Kuanza, Mwisho, Inasubiri, Maelezo.

Sehemu ni hatua ya mradi: msingi, kuta, paa, lipu na sakafu, tangi, malipo. Andika kila moja kwa namna moja tu. "Paa", "paa " yenye nafasi mwishoni, na "Kuezeka" zitakuwa sehemu tatu tofauti ndani ya programu.

Mfuatiliaji ndiyo safu inayowashinda wengi wetu, na sababu ni mazingira yetu. Programu hizi humtambua mtu kwa barua pepe aliyojiunga nayo. Fundi mkuu wetu ana simu ya vitochi. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi hana barua pepe na hana haja nayo. Ukiandika "Fundi" kwenye safu ya mhusika, yaani aliyekabidhiwa kazi, programu italiacha wazi au itakataa mstari. Kwa hiyo ninatenganisha. Mfuatiliaji ni mtu mmoja aliye ndani ya programu ambaye atapiga simu, atakwenda eneo la kazi, na atabadilisha hali ya kazi. Fundi au mzabuni ni yule anayeifanya kwa mikono, na jina lake linakaa kwenye safu ya kawaida ya maandishi. (Safu hiyo usiiite "Mtendaji". Kijijini mtendaji ni mtu mwingine kabisa, na nimeshaona watu wakimpigia simu ofisini kwake kumuuliza habari za lipu.)

Mfuatiliaji awe mmoja. Kuna programu zisizokubali wawili, na hata zinazokubali, kazi ya watu wawili hubaki bila mtu.

Inasubiri ni ile kazi inayopaswa kuisha kwanza. Zege la msingi likimwagwa linamwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, kwa hiyo "Mwagilia zege la msingi siku 7" ni kazi yenyewe, na "Anza kupanga tofali" inaisubiri. Usipoiandika, programu itakuonyesha mafundi wanaanza kuta kesho yake.

Tarehe na saa

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu kwa makini, iwe hii.

Sisi tunaandika siku kwanza, halafu mwezi. Wamarekani wanaandika mwezi kwanza, na programu nyingi za miradi zimetengenezwa Marekani. Katika mradi mmoja niliingiza faili lenye 03/04 nikimaanisha tarehe 3 Aprili, na mipangilio ya akaunti ilikuwa ya Kimarekani, nami sikuitazama. Ikasomeka 4 Machi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba si tarehe zote zilizoharibika kwa namna moja. 25/04 haiwezi kuwa mwezi wa 25, kwa hiyo ikabaki tupu. Nikawa na kazi zilizochelewa kabla hazijaanza, zisizo na tarehe, na chache zilizokuwa sahihi kwa bahati kwa sababu siku na mwezi vililingana. Wafuatiliaji watatu walinipigia simu jioni ile wakidhani wameharibu kazi. Niliona aibu kwa niaba yao, maana kosa lilikuwa langu.

Andika 2026-04-03: mwaka, mwezi, siku. Ndio mtindo wa kimataifa, ISO 8601, na hauna namna ya kusomwa vibaya. Ila ukiandika hivyo, Excel inaweza kuigeuza mbele ya macho yako na kuionyesha kwa mtindo wa kompyuta yako, na faili la CSV, ambalo ndilo utakaloliingiza kwenye programu, huhifadhi kile kinachoonekana kwenye seli. Chagua safu nzima, fungua mpangilio wa seli, nenda kwenye mpangilio wa kujitengenezea, andika yyyy-mm-dd.

Sasa tazama safu ikoje. Kama hujabadilisha chochote, tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa kushoto. "5 Mei 2026" itakaa kushoto, kwa sababu Excel ya Kiingereza haiujui Mei wala Agosti. Kila iliyokaa kushoto iandike upya.

Saa ni mtego wetu peke yetu. Kwenye daftari la mwalimu mkuu kulikuwa na "Kikao cha kamati Jumanne saa 4". Kila Mswahili anajua ni asubuhi. Programu inajua 4:00, alfajiri watu wamelala. Kwa saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 4 asubuhi iwe 10:00, saa 9 alasiri iwe 15:00. Kazi za kawaida usiziwekee saa kabisa, tarehe inatosha. Na kwenye mipangilio ya akaunti chagua saa za Afrika Mashariki, UTC+3. Kama Dar es Salaam haimo kwenye orodha, chagua Nairobi, saa ni zile zile.

Excel ina tabia ya kubadilisha na vitu visivyo tarehe. Kazi uliyoipa namba 1.10 itakuwa 1.1, ichanganyike na kazi ya kwanza. Kipimo "3-4" kitageuka kuwa tarehe. Namba ya simu itapoteza sifuri ya mbele. Si sisi tu tunaopata shida hii: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na jeni kama MARCH1 na SEPT1 zikawa zimepewa majina mengine kwa sababu Excel ilikuwa ikizifanya tarehe. Dawa yake ni kuipa safu mpangilio wa maandishi kabla hujaandika kitu ndani yake. Ukiipa baadaye, sifuri iliyopotea hairudi.

Kuhifadhi CSV

CSV ni maandishi matupu: kila kazi mstari mmoja, na safu zinatenganishwa kwa mkato. Kwenye Excel chagua kuhifadhi kama "CSV UTF-8", si ile CSV ya kawaida. Tofauti utaiona kwenye "Ng'oa visiki". Ile alama ya ng' mara nyingi ni ya mkunjo, hasa ikitoka kwenye simu au Word, na kwenye CSV ya kawaida inaweza kutokea "Ng�oa visiki". Google Sheets hupakua CSV ikiwa tayari ni UTF-8.

Kisha fungua faili hilo kwa Notepad, si kwa Excel. Linapaswa kufanana na hivi:

Kazi,Sehemu,Mfuatiliaji,Kuanza,Mwisho
Chimba msingi,Msingi,ujenzi@example.org,2026-01-12,2026-01-16
"Mwaga zege la msingi, darasa la 1 na la 2",Msingi,ujenzi@example.org,2026-01-19,2026-01-20

Mstari wa mwisho una alama za kunukuu kwa sababu ndani ya jina la kazi kuna mkato. Excel huziweka yenyewe. Zikikosekana, "darasa la 1 na la 2" litahamia kwenye safu ya Sehemu na kila kitu kitasogea. Na ukikuta nukta mkato mahali pa mkato, ni mipangilio ya nchi kwenye kompyuta yako. Programu nyingine zinazikubali, nyingine hazikubali.

Faili la CSV usilifungue tena kwa kulibofya mara mbili. Litafunguka Excel, Excel itazigeuza tarehe na namba upya, na ukihifadhi umeharibu ulichokisafisha. Marekebisho yafanye kwenye faili la awali, kisha toa CSV nyingine.

Ingiza mistari mitano

Fungua mradi wa majaribio, uite "JARIBIO", na uweke mistari 5 uliyoichagua kwa makusudi: mmoja wenye mkato, mmoja wenye ng', mmoja wenye tarehe iliyozidi 12, mmoja wenye mfuatiliaji ambaye ni wewe mwenyewe, na mmoja wenye seli tupu.

Asana, Jira na Trello ni baadhi ya programu za kusimamia miradi. Kwenye Asana, menyu iliyo kando ya jina la mradi ndiyo yenye chaguo la kuingiza CSV. Kisha utaona ukurasa wa kulinganisha safu: safu yako ya Kazi inakwenda kwenye jina la kazi, Mfuatiliaji inakwenda kwa mhusika, Mwisho kwenye tarehe ya ukomo. Usiharakishe ukurasa huu. Safu isiyo na mwenzake unaweza kuiacha au kuifanya uga mpya, yaani sehemu mpya ya kujazia taarifa. Jira inadai safu moja bila mjadala, ile ya "Summary", yaani jina la kazi, na kama una kazi ndogo chini ya kazi mama unaziunganisha kwa namba: kila mstari na namba yake, na kazi ndogo itaje namba ya mama.

Kama orodha yako ni fupi na haina tarehe nyingi, huhitaji CSV. Kwenye Trello nakili safu ya majina ya kazi, ibandike kwenye kadi mpya, nayo itakuuliza kama unataka kila mstari uwe kadi yake. Na kama intaneti ya eneo lako haitabiriki, GanttProject ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta, na inasoma CSV.

Fungua kazi zote 5 moja moja. Kuna kitu kitakuwa kimekosea, karibu kila mara kipo. Rekebisha, futa, rudia.

Ingiza zote

Kabla hujabonyeza, andika kwenye kundi la WhatsApp: "Ndugu wanakamati, ndani ya saa moja mtapata ujumbe mwingi wa barua pepe kutoka kwenye programu. Ni kazi zile zile tulizokubaliana. Hakuna jipya, msishtuke." Mtu akipata taarifa 19 kwa mkupuo bila kuambiwa, anaizima programu, na kumrudisha ni kazi kubwa.

Ingiza kwenye mradi mtupu. Programu nyingi hazitambui kwamba kazi tayari ipo: ukiingiza faili lile lile mara ya pili, unapata kila kazi mara mbili. Ukikosea kwa kiasi kikubwa, futa mradi wote uanze upya, usijaribu kuokota moja moja.

Kisha hesabu. Excel ina mistari 96 ukitoa kichwa, na programu ionyeshe kazi 96. Chuja zisizo na mfuatiliaji, chuja zisizo na tarehe. Kama programu yako haikuchukua safu ya Inasubiri, iunganishe kwa mkono, ukianza na zile za zege, paa na malipo. Hapo ndipo ucheleweshaji wa siku moja unapobeba siku kumi.

Siku hiyo hiyo lipe jina jipya faili la Excel, liongezee "IMEHAMISHWA" na tarehe, na lizuie lisiandikwe tena. Likibaki wazi, kuna mtu atalisasisha kwa nia njema, na Ijumaa mtakuwa na orodha mbili zinazobishana. Kwa wasio na programu chapisha kazi za wiki, karatasi moja, ukaibandike kwenye ubao wa ofisi ya shule. Mwalimu mkuu wetu aliendelea na daftari lake, na sikumzuia. Tulikubaliana tu kwamba kila Ijumaa saa 8 mchana analifungua mbele yangu, ananisomea yale ya "bado", nami naandika.